Chaki Midomoni

Nyumba ya kona, chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa kaka yangu, Mwalimu Mdogo,

Habari za siku nyingi, na habari za huko kwenye baridi? Naomba karatasi hii ikukute umesimama kwa miguu yako, unakula kikashuka, unalala ukaamka. Wifi yangu hajambo? Na yule binti yenu wa meno mawili, bado ni mawili au ameshajaza mdomo? Mwambie shangazi yake amemshonea gauni, ila asikue haraka, maana pindo nililoacha ni dogo.

Hali yako, kaka, safari hii nakuuliza kwa dhati. Wengine huuliza kwa sababu barua lazima ianze hivyo. Mimi nataka jibu.

Huku sote tunapumua. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa. Shemeji yako yuko barazani na kufuli zake. Jana amefungua sanduku la mzee mmoja aliyepoteza ufunguo miaka kumi, wakakuta ndani ufunguo mwingine. Wifi yangu wa hapa nyumbani, yule tunayemwita Bi Taratibu, bado anachukua asubuhi nzima kuchambua mchele. Cherehani langu limebadilishwa mkanda, sasa linakimbia vizuri.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Kwenye simu una tabia moja: neno likikukaba, mtandao unakatika. Barua haikatiki, kaka. Basi kaa chini uisome mpaka mwisho, na usirukie kwenye salamu kama ulivyokuwa ukifanya na barua za Mama.

Nimekuwa mgonjwa. Sikukuambia kwa sababu niliogopa, na bado naogopa.

Ilianza mwezi wa tano, msimu wa sare za shule. Unajua msimu huo nyumba hii inavyokuwa, kola juu ya kitanda, sketi juu ya meza, hata chumvi huipati mpaka uhamishe kaptula. Tumbo likaanza kuniwaka hapa juu, kwenye chembe cha moyo. Nikiwa na njaa linauma, nikila linatulia kidogo, halafu linarudi na kiungulia kinachopanda mpaka kooni. Nikasema ni gesi. Nikasema ni chai kali. Nikasema ni kuinama juu ya cherehani kutwa. Nilikuwa na majibu mengi kuliko daktari yeyote.

Sasa nikuambie jambo la aibu. Chaki yangu ya kuchorea vitambaa, ile bapa nyeupe, nilianza kuimega. Siku ya kwanza niliilamba tu. Siku ya tano nilikuwa nameza kipande kama ncha ya kidole, maumivu yanapoa, naendelea kushona. Sikujiuliza nimejifunzia wapi. Mwili ulikumbuka wenyewe.

Wewe unakumbuka vizuri kuliko mimi, maana ulikuwa mkubwa. Koti la Baba, mfuko wa kushoto, chaki za shule. Tumbo likimwaka katikati ya somo anavunja kipande, anatafuna, anageukia ubao anaendelea na kugawanya kwa namba mbili. Wanafunzi walimwita Midomo Myeupe wakidhani hasikii. Tulicheka na sisi. Mama kila wageni wakipiga hodi alikuwa anawahi na ncha ya mtandio wake, anampangusa, anasema, "Futa midomo, Mwalimu." Ulikuwa mchezo wa nyumba nzima. Halafu mkanda wake ukaanza kuwa mrefu. Mama akautoboa tundu jipya kwa msumari wa moto, akatoboa la pili, la tatu, la nne. Walipompeleka hospitali, saratani ilikuwa imeshajaa tumboni, na miezi mitatu haikutimia.

Basi siku hiyo niko na mteja, nampima mabega. Mama ameketi pembeni anashona vifungo. Nikamwona ananiangalia mdomoni. Akaweka shati chini, akanyanyuka na magoti yake yote mawili, akaja, akanipangusa midomo kwa ncha ya mtandio. Mteja alidhani nimekula unga.

Kesho yake alfajiri nilimkuta Mama mlangoni amevaa, mkoba mkononi, viatu vya safari miguuni. Akasema, "Twende." Kaka, huyo mama hata msibani hutanguliwa na watu kwa sababu anachelewa. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa ananingoja mimi, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli.

Daktari ni mwanamke, sauti ndogo, maswali mafupi. Umepungua uzito? Unatapika? Choo kina rangi gani? Yupo mtu kwenu aliyeugua tumbo? Mama alikuwa nje kwenye benchi. Nikajibu hayo mengine vizuri, lakini lile la mwisho nikasema hapana, baba yetu alikufa kwa uzee. Baba alikuwa na miaka hamsini na moja. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani niliona nikilitaja jina la ule ugonjwa mle chumbani, litatazama huku na huku na kuniona mimi.

Akanipa kikopo cha kuleta choo. Hicho kisa nitakuandikia siku nyingine, ila ujue nilikifunga kwa mabaki ya kitambaa cha maua ili majirani wasitambue, na shemeji yako akauliza nampelekea nani zawadi.

Majibu yalisema nina bakteria wa tumbo, wale wanaowaita H. pailori. Daktari alinieleza kwa subira. Anajichimbia kwenye ute wa tumbo, tindikali haimuui, anakaa miaka na miaka. Watu wengi sana wanaye na hawajui, wala hakiwapati kitu. Wengine anawatoboa vidonda. Wachache, tena wachache, anawapeleka kule kwingine. Mara nyingi mtu humpata angali mtoto, nyumbani, kwa mikono au maji au vyombo. Lakini anatibika, alisema, ukifuata dozi. Nikapewa dawa aina tatu, mbili za kuua bakteria na moja ya kupunguza tindikali, asubuhi na jioni, siku kumi na nne bila kuruka hata moja.

Hapo ndipo dada yako Sindano akafanya akili zake.

Bi Taratibu naye tumbo lilikuwa linamuuma, tena kabla yangu. Hakutaka kwenda kliniki, alikuwa amesikia kwamba huko wanashusha mpira kooni. Akaniona na dawa zangu, akaketi karibu, akaanza kunieleza maumivu yake pole pole, unavyomjua, mpaka moyo ukanilainika. Nikajiambia kutoa ni moyo. Na mimi, kaka, mkono wangu umezoea kutoa blauzi mbili kwenye kitambaa cha moja. Ukipanga vizuri, ukabana huku, ukaunga kwapani, inatosha. Nikazimwaga dawa juu ya meza ya kukatia, nikazigawa sawasawa, siku saba zake, siku saba zangu. Nikajiona mtu mwema kupita kiasi.

Na zikatusaidia, ndiyo sababu hatukushtuka. Dawa zilinipa mdomo wenye ladha ya shaba na tumbo la kuendesha, lakini siku ya tano ule moto ukazimika. Bi Taratibu akaanza hata kuimba jikoni. Tukasema basi, siku saba nyingine zilikuwa za nini.

Mwezi wa nane nilirudi kupimwa, kama nilivyoagizwa. Bado yupo. Daktari akaniuliza kama nilimaliza dozi, nikamweleza habari ya kugawana, kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe. Akaiweka kalamu chini. Akasema, "Dawa si kitambaa, dada yangu. Hao waliobaki sasa wameshaonja dawa hizi na wamezizoea. Umewafundisha, na wifi yako umemfundishia wake."

Halafu mambo yote yakatoka kwa pamoja. Nikamwambia na habari ya Baba, chaki, mkanda, miezi mitatu. Nilidhani atanikemea. Hakunikemea, na afadhali angenikemea, maana alichukua kalamu akaandika karatasi nyingine. Kipimo cha kamera, haraka. Mficha maradhi kifo humuumbua, Mama ametuimbia hilo tangu tuko wadogo, nami nikadhani linawahusu watu wengine.

Kamera nilipigwa Alhamisi ya tarehe nne. Usile tangu jioni, usinywe asubuhi. Wakanipulizia dawa kooni ikafa ganzi, wakanilaza ubavu wa kushoto, wakanipa kipande cha plastiki niume. Si maumivu, kaka. Ni kichefuchefu na machozi, kwa dakika zisizofika kumi. Muuguzi mmoja alinishika bega muda wote akinihesabia pumzi. Nakueleza haya yote ili usije ukasema hukujua. Bi Taratibu amekaa na tumbo bovu mwaka mzima akikimbia dakika kumi.

Wakakuta kidonda. Pembeni ya kidonda wakaona mahali ambapo hapakuwapendeza, daktari hakusema zaidi ya hapo, wakanyofoa vinyama vidogo sita kwenda kuviangalia. Majibu ni Ijumaa hii inayokuja, tarehe kumi na tisa. Mpaka hapo sina ninachojua, na kutokujua huku kumenila kuliko kile kidonda.

Dawa nimeanzishwa upya siku ya pili yake, safari hii aina nne, nyingine kabisa, nazimeza mara nne kwa siku. Bi Taratibu amekwenda kupimwa kivyake na ana zake. Tumechora kalenda mbili ukutani kwa chaki, moja yake moja yangu, tukimaliza za siku tunafuta mstari. Kila mtu anamlinda mwenzake kama askari. Leo nimefuta wa kumi. Maji ya kunywa tunachemsha, na shemeji yako ananawa mikono mpaka nimemwambia ngozi haina ufunguo. Yeye na Mama wamepimwa, hawana.

Jumatano iliyopita nilidhani nimekwisha. Niliingia chooni asubuhi, nikaangalia, nikaona cheusi. Cheusi kabisa, kaka, cheusi kile alichokuwa nacho Baba wiki zile za mwisho, Mama anakimwaga haraka ili tusione na tunaona. Nikakaa sakafuni. Sikuita mtu. Nilianza kupanga nani atamalizia gauni la bibi harusi wa mtaa wa pili, na Mama atakaa na nani. Nikajitazama ulimi kwenye kioo, nao mweusi.

Nilikimbia kliniki na viatu visivyofanana. Yule muuguzi aliyenishika bega akanilaza, akanipima presha, akatoboa kidole akapima damu, akaniuliza kama nahisi kizunguzungu. Kisha akachukua pakiti ya ile dawa ya nne, akanionyesha mstari: dawa hii hufanya ulimi na choo kuwa vyeusi. Daktari alikuwa ameniambia siku ya kwanza. Nilikuwa nimeitikia kwa kichwa na sikusikia kitu, hofu ilikuwa imeziba masikio. Muuguzi akasema nimefanya vema kuja, kwa sababu kwa mtu asiyemeza dawa hiyo weusi ule ni damu, na wa kukimbia hospitali saa ile ile. Nilicheka njia nzima kurudi, na nilipofika nyumbani nikalia.

Sasa nakuja kwako.

Daktari aliniuliza ni nani mwingine aliyekula chombo kimoja na Baba tukiwa wadogo. Nikakumbuka kile kikombe cha bati chenye ukingo wa bluu. Chai ya Baba. Alikuwa akiacha mafunda mawili chini, na mimi na wewe tunayapigania kama dhahabu, kwa sababu ya Baba ilikuwa na sukari nyingi. Wewe ulikuwa na mikono mirefu. Mara tisa katika kumi ulinywa wewe. Daktari alisema hakuna awezaye kujua bakteria alipita wapi, na Baba mwenyewe hakuna aliyempima, kwa hiyo tusikitukane kikombe. Lakini alisema mtoto wa mtu aliyekufa kwa saratani ya tumbo asisubiri kuumwa, apimwe. Akauliza tuko wangapi. Nikasema wawili, mimi na kaka yangu.

Nimesubiri sana kabla ya kukuandikia, kisha nikaona nisisubiri Ijumaa. Nakuandikia kabla ya majibu makusudi. Yakija mazuri utasema unaona, ni gesi tu, si nilikuambia. Yakija mabaya utaogopa kwenda kupimwa. Nakujua, tumenyonya ziwa moja. Kwa hiyo nimekuwekea hofu yangu kama ilivyo leo, katikati, ambapo bado hakuna anayejua, ili uende ukiwa hujui na wewe.

Usiniambie huna kitu. Unakumbuka mwezi uliopita tulipopiga simu ya picha, ukiwa kazini kwenye lile ghala la barafu, na kofia yako ya manyoya? Mama alikuwa anakusimulia habari za paa la jirani. Ukageuka mgongo kidogo, ukatoa kitu mfukoni, mfuko wa kushoto, ukatafuna. Ukageuka tena unacheka, unasema enhe, paa likafanyaje. Ulidhani hatukuona. Ni vile vidonge vyeupe vya kiungulia, vya kutafuna, najua, vinauzwa kama peremende. Wifi yangu wa huko alishaniambia unamaliza pakiti kwa siku tatu, na kwamba mkanda umeuhamisha tundu. Usimgombeze, nilimbana mimi.

Ulirudi kwenye simu midomo myeupe, kaka. Myeupe pembeni zote mbili. Nami nilinyamaza kwa sababu Mama alinyamaza.

Baada ya wewe kukata, Mama alisahau kwamba nipo chumbani. Picha yako ilikuwa imebaki kidogo kwenye kioo kabla haijazimika. Mama akachukua ncha ya mtandio wake, akaifuta simu, pale midomo yako ilipokuwa. Akafuta polepole, akaendelea kufuta hata kioo kilipokuwa cheusi. Tangu siku hiyo hajazungumza habari ya paa la jirani wala la mtu mwingine.

Nenda kapime. Wiki hii, si baada ya sikukuu, si kazi ikipungua. Waambie ukweli wote kuhusu Baba; mimi nilidanganya na nimelipa miezi mitatu. Ukipewa dawa, zote ni zako, usimgawie mtu hata akulilie. Kisha usinipigie. Niandikie, na ndani ya bahasha weka karatasi ya kipimo yenyewe, nimsomee Mama kwa sauti. Neno la gesi hatulipokei tena kwenye nyumba hii.

Mama anakusalimu, ingawa hajui ninaandika nini; anadhani nakuuliza vipimo vya suruali. Shemeji yako anakusalimu na anasema ile kufuli uliyomtumia imemshinda. Bi Taratibu anakusalimu, salamu zake zitafika baada ya zangu. Mbusu binti wa meno mawili, na mpe wifi yangu mkono, mwambie ninamshukuru kwa kunifungulia siri.

Mungu akufunike huko uliko, akuzidishie miaka ile ambayo Baba hakupewa, na Ijumaa anikumbuke na mimi.

Ni mimi dada yako wa pekee, nikupendaye kwa hofu yote niliyonayo,

Sindano.

N.B. Chaki zangu zote nimempa shemeji yako azifungie sandukuni. Nikitaka kuchora kitambaa namwomba, ananipa, ananisubiri mpaka nimrudishie. Tafuta na wewe wa kukufungia vidonge vyako.